Ridi ya plastiki au ya tete kwenye klarineti: tofauti anaisikia msikilizaji, au sisi wapulizaji tu?

#1 Kivuko_Bflati (Dar)

Wakuu, salama?

Napuliza klarineti mwaka wa kumi na nne huu. Nilianzia bendi ya shule, sasa ni kanisani na harusi za Jumamosi. Miaka yote hiyo nimetumia ridi za tete (ridi ni kile kipande chembamba cha mdomoni kinachotetema ukipuliza), kwanza namba 2½, baadaye 3. Mwezi wa nne shemeji yangu alikuja kutoka Kanada, akaniletea ridi ya plastiki, Légère, ile wanayoiita European. Moja tu! Imekaa kwenye kiboksi kama hereni. Nilicheka. Siku ya mazoezi nikaifunga.

Haikutaka kulowekwa, haikutaka kubembelezwa. Sauti ilitoka siku hiyohiyo, kesho yake ikatoka vilevile, na mpaka leo, miezi mitano, ridi ni ileile. Kwa Dar hii, ambako ridi ya tete unaiacha nzima Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi ncha imefanya mawimbi kama bati la kibanda, niliona nimepona.

Tatizo ni mwenzangu anayepuliza sehemu ya klarineti ya kwanza. Anasema tangu nihamie plastiki nasikika "kama filimbi ya refa iliyovaa koti". Mwalimu wa kwaya anasema hasikii tofauti yoyote. Mke wangu anasema sauti imekuwa nzuri zaidi, lakini yeye alikuwa anachukia mimi kuloweka ridi kwenye kikombe chake cha chai, kwa hiyo ushahidi wake nauweka pembeni.

Tofauti ipo kweli, au iko vichwani mwetu? Na kama ipo, inatoka wapi?

#2 Subira_Mkeka

Natandika mkeka hapa. Wajuzi karibuni.

#3 MwalimuWaUpepo (Nairobi)

Tofauti ipo, na si ndogo. Nafundisha klarineti na saksofoni, wanafunzi wananijia na hizo plastiki kila muhula.

Tete ni mmea. Ukikata ridi ukaiangalia kwa kioo cha kukuzia, unaona nyuzi ngumu zimepangana kwa urefu, na katikati yake kuna nyama laini iliyojaa vishimo. Ridi ikilowa, ile nyama inashika maji. Nyuzi ndizo zinazorudisha ncha ya ridi kama springi, nyama inazuia zile kelele za juu zisizidi. Plastiki ni kitu kimoja tangu kisigino hadi ncha, haina wa kumzuia mwenzake. Ndiyo maana sauti yake inakuwa na ukali fulani juu, hasa ukipita ile noti ya shingo, A na B flati za katikati. Mwanafunzi hasikii. Mwalimu anasikia akiwa bado kwenye ngazi.

#4 Zumari_la_Pangani

Plastiki ni plastiki. Hawa Wamarekani walianza na vikombe, wakaja mifuko, sasa wamefika kwenye midomo yetu. Mwanzi Mungu kaumba mwenyewe, kwa nini uhangaike na kitu cha kiwandani? Namuunga mkono huyo wa klarineti ya kwanza.

#5 Mnyamwezi_wa_Ontario

#4 mkuu, nakusahihisha mara mbili kwa mpigo mmoja.

Légère si ya Wamarekani. Ni kampuni ya Kanada, iko Barrie, Ontario, kwa gari si mbali na ninapokaa. Waliianzisha mwaka 1998, Guy Légère akiwa na Mark Kortschot, profesa wa uhandisi Chuo Kikuu cha Toronto. Walitafuta plastiki yenye ugumu wa tete lililolowa, siyo tete kavu, kwa sababu hakuna anayepuliza ridi kavu.

Pili, ridi si mwanzi. Mmea wenyewe ni Arundo donax, kwa sura unafanana na matete ya mtoni, na la kupewa sifa linatoka mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Vandoren wapo kwenye biashara hiyo tangu 1905. D'Addario, walioinunua kampuni ya ridi ya Rico, wana mashamba huko Ufaransa na mengine Ajentina.

Na mwalimu wa #3, samahani, "kitu kimoja tangu kisigino hadi ncha" si kweli kwa hizi za sasa. Ni polipropilini, jamii ileile ya mfuko wa sandarusi wa mchele. Chukua huo mfuko, chomoa utepe mmoja, uvute kwa urefu: haukatiki, vidole ndivyo vinavyoumia. Sasa uchane kwa ukucha kufuata urefu: unapasuka bila ubishi, unatoa vijinyuzi kama nywele. Ni kwa sababu ile plastiki ilivutwa kiwandani mpaka chembe zake zikajipanga upande mmoja. Ridi nayo imefanyiwa jambo la namna hiyo. Ngumu kwa urefu, laini kwa upana, kama tete lenyewe.

#6 Zumari_la_Pangani

Kwa hiyo jamaa wa #1 anapuliza kiroba cha mchele. Asante kwa kuthibitisha.

#7 Subira_Mkeka

😂😂 Mkeka nimeukunja, sasa nakaa kwenye kiti.

#8 Mjomba_wa_Bendi (Morogoro)

Vijana, shikamooni za mbele nimezipokea.

Nimepuliza kwenye bendi ya sare miaka ishirini na sita mpaka nikastaafu, jina la bendi liacheni. Anayedhani plastiki imeanza 1998 hajazeeka. Sisi tulizikuta. Zilikuwa nyeupe, nene, mlio wake kama bata aliyekanyagwa. Tulizitumia kwenye mvua ya gwaride tu, kwa sababu tete kwenye mvua linanyonya maji, linavimba, unabaki unapuliza ubao.

Siwezi kusema tulikuwa na uchaguzi. Ilifika wakati boksi moja la ridi kumi tuligawana watu sita, na boksi linalofuata halijulikani. Ridi ikichoka tunaikata ncha kwa wembe, tunachoma ukingo kidogo na kiberiti kuuweka duara, inapata ugumu, inaendelea wiki mbili. Ikichoka tena tunakata tena. Mwisho inakuwa fupi mpaka ligecha, ile pete ya kufungia ridi, haina pa kushika.

Siku moja nilitengeneza yangu. Nilichukua kifuniko cha ndoo ya mafuta ya kupikia, nikachora kwa kufuata ridi ya zamani, nikakata kwa kisu cha viatu, nikasugua juu ya sakafu ya saruji huku namwagia maji, baadaye msasa. Siku mbili. Nikaiinua juani nikaona mwanga unapita kwenye ncha, nikasema tayari. Noti za chini zilitoka vizuri kabisa, nene, za heshima. Nikabonyeza kitufe cha nyuma kupanda juu, ikatoka kwiii! Bendi nzima iligeuka. Sikuwahi kupata noti hata moja juu ya shingo kwa ile ridi, lakini kwa wimbo wa taifa sehemu ya tatu ilinitosha.

Nazisikia hizi za sasa kwa mjukuu wangu. Si bata tena. Ila si tete.

#9 NyaliBreeze (Mombasa)

Shikamoo Mjomba. Hiyo ya kiberiti nimeifanya mwenyewe, nikaunguza kidole na ridi pamoja.

#1, hujatueleza kitu cha maana: plastiki yako ni namba ngapi? Kama ulikuwa 3 ya tete ukachukua 3 ya plastiki, umelinganisha unene mbili tofauti.

#10 Kivuko_Bflati (Dar)

Mjomba, shikamoo. Ni 3. Shemeji aliuliza namba yangu kwa simu, nikamwambia tatu, akanunua tatu.

#11 MwalimuWaUpepo (Nairobi)

#9, namba si unene. Hili kosa analo kila mtu. Ridi zote za aina moja zinakatwa kwa umbo lilelile, ncha ileile ya karibu sehemu ya kumi ya milimita. Kisha mashine inaibonyeza kila moja kuona inakataa kiasi gani. Inayokataa sana inapewa 4, inayolegea inapewa 2. Boksi la 2½ na la 4 vimetoka kwenye kisu kimoja. Tofauti ni tete lenyewe.

Hata hivyo uko sawa kwamba 3 si 3. Ndani ya Vandoren yenyewe, 3 ya lile boksi la bluu na 3 ya V12 hazilingani. Légère nao wana 2.75, 3, 3.25, robo kwa robo. Anayehama lazima ajaribu.

Na #5, nimekubali la kuvutwa. La vishimo sijakubali. Plastiki yako hainywi maji.

#12 Jino_la_Kwanza (Moshi)

Mimi ni tabibu wa meno, napuliza kwa kujifurahisha. Nimeshangaa mpaka hapa hakuna aliyetaja meno.

Unapopuliza, meno ya juu yanakaa juu ya mauthipisi, kile kipande cha mdomoni kinachofungwa ridi. Mtetemo wa ridi unapita kwenye mauthipisi, unaingia kwenye jino, unapanda kwenye mfupa wa taya, unafika sikio la ndani bila kupita hewani. Ndiyo maana ukisikia sauti yako kwenye rekodi unajiuliza huyu nani. Msikilizaji wa benchi la tatu hana jino lake kwenye klarineti yako! Kwa hiyo mpulizaji anasikia vitu viwili, kinachotoka kwenye kengele ya klarineti (ule mdomo mpana wa chini) na kinachotoka kwenye fuvu lake. Plastiki ikibadilisha hicho cha fuvu tu, wewe utaapa kwamba sauti imebadilika, na kwaya haitaelewa unalia nini.

Jaribio rahisi: bandika kipande cha mpira juu ya mauthipisi, pale meno yanapokaa. Vipo vya kununua, vyembamba, lakini hata mpira wa tyubu utatosha.

#13 Mnyamwezi_wa_Ontario

#12 umepiga penyewe. Lakini hapo hujamweleza huyo wa klarineti ya kwanza. Yeye anasikiliza kutoka kiti cha pembeni, na jino lake liko kwenye klarineti yake mwenyewe.

#14 Jino_la_Kwanza (Moshi)

Huyo ameona. Ameona kiboksi cha hereni kabla ya kusikia noti. Macho nayo yanasikia.

#15 Kivuko_Bflati (Dar)

Nimerudi. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, sentimita moja kwa moja na nusu, nikabandika kwa gundi ya viraka (msifanye, inanuka wiki nzima). Naweza kusema tofauti imepungua nusu. Ile hali ya tete kama mtu anakukuna ndani ya kichwa imeondoka, plastiki na tete vimesogeleana. Lakini haijaisha. Nikigonga noti kwa ulimi, tete linaanza na kama "t" ndogo, plastiki inaanza na "d".

Mwenzangu hajabadili msimamo. Sasa anasema nasikika kama refa mwenye baiskeli.

#16 Dodoma_Kavu

Nyie wa pwani mnalia unyevu, huku kwetu kilio ni ukame. Mwezi wa nane ukifungua kasha la klarineti, ridi ya tete imekauka mpaka inapindana, ukiilamba upande mmoja unanyooka mwingine unabaki. Huwa naziweka kwenye kopo lenye kifuniko na kipande cha sponji chenye unyevu kidogo. Ukizidisha, kuvu. Ukipunguza, mawimbi. Hiyo ni kazi ya ulezi, siyo muziki.

Nilihamia plastiki sababu hiyo peke yake. Sauti sikuiuliza.

#17 NyaliBreeze (Mombasa)

Wacha nitoe kesi yangu kinyume. Nilipigia harusi ya mchana, bustani ya wazi, jua la saa nane. Plastiki ilianza vizuri. Nusu saa baadaye imekuwa laini kama ya 2, noti za juu zinashuka chini ya piano, nikizibana kwa midomo ridi inajifunga, hewa haipiti. Mpiga piano ananitazama kama nimemkosea mama yake. Tete mchana huohuo lingekauka, sawa, lakini lingekauka pamoja na mimi nikijua.

Plastiki inalainika kwa joto. Hilo hamlisemi. Na aliyewahi kuiacha juu ya dashibodi ya gari ajitokeze asituone.

#18 Mnyamwezi_wa_Ontario

Ni kweli, joto linailainisha. Wanaozitumia kila siku huwa na mbili, wanabadilishana, moja inapumzika. Na kwenye jua wanashuka… hapana, wanapanda robo namba. Mimi huku nina tatizo kinyume: januari, kanisa halijawashwa hita, ridi ngumu dakika kumi za kwanza.

#19 MwalimuWaUpepo (Nairobi)

Tukiongezea na urefu wa mahali. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mgeni akija na ridi zake nzuri za Mombasa, siku ya kwanza anasema zote zimekufa, zinakataa. Wengine wanasema ni hewa nyembamba, wengine ni ukavu. Ninachojua ni kwamba wanaotoka pwani huwa nawashusha nusu namba na wanatulia.

#20 Dodoma_Kavu

Au wamechoka na basi la usiku.

#21 Fundi_Kilwa

Nimesoma tangu juu. Mnagombania kipande cha nyasi cha Wafaransa na kipande cha ndoo cha Wakanada, na klarineti yenyewe hamuitaji. Klarineti nyeusi ya maana ni mpingo. Mpingo unatoka hapa. Vijiji vya Kilwa vinauza mpingo wenye cheti cha FSC, cha msitu unaotunzwa vizuri, tangu 2009, kupitia shirika la mpingo la MCDI, na mti huo kuufikisha umri wa kukatwa ni miaka sabini hadi mia. Babu yangu aliukuta mdogo, mimi nimeuacha bado haujafikia kipimo.

Nimewahi kushika klarineti mara moja maishani, ya mgeni aliyekuja kuangalia msitu. Niliinusa kabla ya kuipuliza. Ilinuka mpingo. Nikapuliza, haikutoka kitu.

#22 Mjomba_wa_Bendi (Morogoro)

Fundi, haikutoka kwa sababu mgeni alikupa bila kukuonyesha. Njoo Morogoro, kwa siku moja utatoa G.

#23 Kivuko_Bflati (Dar)

Yangu si mpingo wakuu, ni ya plastiki yote. Ya mtumba. Sasa nimepata wazo la kutisha: labda ridi ya plastiki ikikaa kwenye klarineti ya plastiki ndiyo inaleta hiyo sauti ya refa, na kwenye mpingo ingekuwa nyingine?

#24 Jino_la_Kwanza (Moshi)

Klarineti ni bomba la hewa. Kinachoimba ni hewa iliyo ndani, ukuta unashika tu tundu lisibadilike. Tundu likiwa la kipimo kilekile, ukuta uwe mpingo au plastiki, mimi naamini hakuna wa kuutofautisha. Buffet, watengenezaji wa klarineti wa Ufaransa, wanatengeneza klarineti ya Greenline kwa unga wa mpingo uliogandishwa na kaboni, na watu wanapigia kwenye okestra.

#25 Fundi_Kilwa

Unga wa mpingo ni mpingo.

#26 MwalimuWaUpepo (Nairobi)

#24 usianzishe vita nyingine, hii haijaisha. Tuseme mauthipisi kwanza. #1, mauthipisi yako ni ipi, na umeiangalia ukingo? Ridi ya tete ni laini kwa nyuma, inajikalia, inaziba kasoro ndogo za ile meza, pale bapa ridi inapolala. Plastiki haijikalii. Kama mauthipisi ina mkwaruzo au meza imepinda, plastiki itakuonyesha kila dhambi. Nusu ya wanafunzi wanaolia na plastiki nawabadilishia mauthipisi, siyo ridi.

#27 Kivuko_Bflati (Dar)

Ni ileile iliyokuja na klarineti. Ina pengo dogo kwenye kona ya kushoto. Nilidhani ni urembo.

#28 MwalimuWaUpepo (Nairobi)

Haya.

#29 Mtoto_wa_Rufiji

Swali la mjinga: kama ridi ni matete, sisi Rufiji tuna matete mpaka yanaziba mto. Kwa nini tunanunua ya Ufaransa?

#30 Mnyamwezi_wa_Ontario

Si swali la mjinga. Arundo si tete letu la mtoni. La klarineti linatakiwa bomba lenye kipenyo cha sentimita mbili na nusu hivi, na ukuta mnene wa kutosha kuchonga ridi. Matete mengi ya kwetu ni membamba, ukuta mwepesi, ukichonga unafika kwenye uwazi. Kisha wanalikata likiwa na miaka miwili, majira ya baridi, wanalianika juani mpaka linageuka rangi ya dhahabu, wanalihifadhi muda mrefu kabla ya kisu. Haraka inatoa ridi ya kijani, inakufa wiki moja.

#31 Zumari_la_Pangani

Sasa mmefika kwangu. Ridi ya nzumari tunaitengeneza kwa jani kavu la mvumo. Unalikata, unalikunja, unalifunga na uzi kwenye kijimrija, unalibana kwa meno kidogo likae sawa. Likiisha unakata lingine. Hakuna boksi, hakuna namba, hakuna Kanada. Mzee aliyenifundisha alikuwa anabeba majani kwenye kofia. Akipuliza ngoma usiku kucha anabadilisha mara tatu, nne, bila wachezaji kujua.

#32 NyaliBreeze (Mombasa)

Hii ndiyo post ya maana ya #31 tangu aanze kutukana viroba.

#33 Bendera_Kivu (Bukavu)

Bandugu, jambo. Miye naleta ya kwetu. Kwenye rumba ya zamani klarineti ilikuwa mbele kabisa, kabla saksofoni haijameza kila kitu. Sikilizeni Jean Serge Essous kwenye rekodi za mwanzo za OK Jazz, 1956. Ile sauti inalia, inacheka, ina pumzi ndani yake. Unasikia hewa kabla ya noti. Plastiki inaweza kufanya ile? Miye nimejaribu miaka miwili, haifanyi. Inatoa noti safi, lakini ile pumzi ya mbele haipo.

#34 Jino_la_Kwanza (Moshi)

Unasikia hewa, au unasikia mikrofoni ya 1956 na sahani iliyokwaruzwa?

#35 Bendera_Kivu (Bukavu)

Daktari, wewe unang'oa kila kitu.

#36 Kivuko_Bflati (Dar)

Jumapili tulifanya jaribio. Baada ya ibada nilikaa nyuma ya pazia la vyumba vya kwaya. Mwenzangu wa klarineti ya kwanza alikuwa nje pamoja na mwalimu wa kwaya, mama mmoja wa sauti ya pili, na mtoto wa mchungaji aliyekataa kuondoka. Nilipuliza kipande kilekile mara sita. Tatu plastiki, tatu tete, mpangilio nilipata kwa kurusha sarafu.

Mwalimu wa kwaya: zote sawa, akaomba ufunguo afunge kanisa.
Mama: alipenda ya kwanza, ya pili na ya sita. Plastiki, tete, plastiki.
Mtoto: ya nne ilikuwa na mate. Kweli, ya nne ilikuwa na mate.
Mwenzangu: alipata nne kati ya sita. Alikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yake.

#37 Mnyamwezi_wa_Ontario

Nne kati ya sita hata sarafu inapata mara nyingi tu.

#38 NyaliBreeze (Mombasa)

Na ulikuwa unabadilisha ridi nyuma ya pazia. Tete linalambwa, plastiki hailambwi. Dakika ya kimya kabla ya noti ilikuwa inamwambia yote! Rudia, kila mara ulambe, hata plastiki.

#39 Mjomba_wa_Bendi (Morogoro)

Na yeye mpulizaji alijua anachopuliza. Mkono wa anayejua si mkono wa asiyejua. Kwenye tete anaomba, kwenye plastiki anaamuru. Hilo linasikika bila ridi kuhusika.

#40 Dodoma_Kavu

Naomba tuzungumze hela maana muziki mmeushindwa. Boksi la ridi kumi za tete nzuri ni dola thelathini na kitu ukijumlisha usafiri. Plastiki moja bei inakaribiana. Kwenye kumi zangu tatu zinafaa harusi, nne za mazoezi, tatu za kukorogea chai. Plastiki nimeipuliza miezi saba. Hesabu fanyeni.

#41 Bendera_Kivu (Bukavu)

Plastiki ikivunjika ncha siku ya kwanza, umepoteza boksi zima. Miye ilinipata. Nilipangusa na ile ligecha bado imefungwa, kona ikajikunja. Basi. Na hauwezi kuisugua na msasa, inatoa manyoya.

#42 MwalimuWaUpepo (Nairobi)

Msasa hapana. Wembe mpya, ukikwangua taratibu mgongoni, inakubali kidogo.

Kuhusu wakubwa: David Shifrin, mpulizaji wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, anatumia Légère hadharani. Kwa hiyo siwezi tena kuwaambia wanafunzi kwamba ni ridi ya wavivu. Nawaambia mwaka wa kwanza tete, kwa sababu tete linakufundisha kusikiliza kila asubuhi ridi imeamkaje. Baada ya hapo, mtu na mdomo wake.

#43 Zumari_la_Pangani

Shifrin wanamlipa.

#44 Mnyamwezi_wa_Ontario

Una ushahidi?

#45 Zumari_la_Pangani

Nina mashaka, yanatosha.

#46 Kivuko_Bflati (Dar)

Mrejesho wakuu. Nimeazima mauthipisi isiyo na pengo kwa wiki moja. Plastiki imetulia, kwiii zimekwisha, ule ukali wa juu umeshuka. Hapohapo nikarudisha tete kwenye mauthipisi hiyohiyo, nalo likawa zuri kuliko lilivyowahi kuwa. Kwa hiyo nimerudi pale nilipoanzia, nikiwa na mauthipisi ya mtu.

Harusi ya Jumamosi nilipuliza plastiki ukumbini, na mwisho bibi harusi alipotaka wimbo wa polepole nikafunga tete bila kufikiri. Mkono ulienda wenyewe. Mwenzangu aliniangalia, hakusema kitu.

#47 NyaliBreeze (Mombasa)

Ulilowesha kwenye chai ya nani?

#48 Kivuko_Bflati (Dar)

Ya MC.

#49 Mtoto_wa_Rufiji

Fundi wa #21, ulikwenda Morogoro?

#50 Fundi_Kilwa

Nilikwenda. Nimetoa G. Mjomba anasema ilikuwa F.

#51 Mjomba_wa_Bendi (Morogoro)

Ilikuwa F. Lakini safi. Alipulizia ridi ya mjukuu, ya plastiki, maana tete lilimshinda. Sasa anataka klarineti, na mimi nina moja ya zamani isiyo na pedi mbili. Kuna mwenye ridi namba 2 hapa, ya aina yoyote ile?

#52 Dodoma_Kavu

Ninayo plastiki 2.25. Ina kovu kidogo pembeni ila inaimba. Naiweka kwenye basi la kesho asubuhi, ipokeeni stendi ya Msamvu.